Kikapu cha chuo: mashambulizi yanapokwama kwa kukosa mtupo wa nje

Malalamiko ya timu za kikapu za vyuo vya Mbeya, Iringa na Njombe yanafanana hadi maneno. "Kocha, wanatuachia nje kabisa." "Tunazungusha mpira mpaka sekunde zinaisha." "Mazoezini zinaingia, siku ya mechi hata moja." Mwongozo huu ni wa makocha na manahodha wanaosikia maneno hayo kila wiki, wengi wao wakiwa wanafunzi wanaofundisha wenzao jioni baada ya vipindi, wakiwa na mipira mitatu minne na uwanja mmoja wa zege. Tafuta dalili inayofanana na yenu, uanze na kisababishi kilichotajwa kwanza, kwa kuwa ndicho kinachokutwa mara nyingi zaidi.

Niseme mapema linalonisukuma kuandika. Timu ikishindwa kufunga kutoka nje, yaani nyuma ya mstari wa pointi tatu, lawama zote humwangukia mchezaji mmoja au wawili walioachwa wazi wakakosa. Wanakatazwa kutupa, wanakaa benchi, na muhula haujaisha wameacha kuja uwanjani. Mtupo uliokosa ni mwisho wa mambo mengi yaliyoharibika kabla yake: pasi ilifika magotini, mpira umejazwa kupita kiasi, wenzake wanne walikuwa wamesimama sehemu moja. Yakaguliwe hayo kabla ya kumgusa mtu.

Kabla ya yote: daftari

Mpe mchezaji wa akiba daftari na kalamu kwa mechi mbili au tatu. Achore safu nne: mitupo ya chini ya ringi, mitupo ya katikati (nje ya boksi, lile eneo la mstatili lililo mbele ya ringi, lakini ndani ya mstari wa pointi tatu), mitupo ya nje, na mitupo huru. Aandike iliyotupwa na iliyoingia. Kwa ile iliyokosa kutoka nje aongeze alama moja: ilikuwa fupi, ndefu, au ya pembeni.

Kisha fanya hesabu. Anayeingiza mtupo 1 kati ya 3 kutoka nje analeta pointi 1 kwa kila mtupo, sawa kabisa na anayeingiza nusu ya mitupo yake ya pointi mbili. Mtupo wa katikati unaoingia mara 35 kati ya 100 unaleta pointi 0.7. Mtu anayeingiza 7 kati ya 10 ya mitupo huru analeta pointi 1.4 kila anapopewa miwili. Timu nyingi zinazolalamika hazina mtupo wa nje hugundua hapa kwamba ugonjwa wao mkubwa uko kwenye safu ya pili: mitupo mingi ya katikati, ile inayotupwa baada ya dribo mbili na mlinzi usoni. Kama ndivyo ilivyo kwenu, hata mkipata mtupaji mzuri kesho, tatizo litabaki.

Dalili ya kwanza: tunaachwa wazi, tunatupa, haiingii

Kisababishi cha kwanza ni uwanja na mpira wenyewe. Ni ukaguzi mwepesi, na ndio unaorukwa na karibu kila mtu.

Anza na mstari. Tangu mwaka 2010, FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wanataka mstari wa pointi tatu uwe mita 6.75 kutoka katikati ya ringi, na mita 6.60 kwenye kona. Kabla ya hapo ulikuwa mita 6.25. Viwanja vilivyochorwa zamani vikapakwa rangi upya juu ya alama zilezile bado vina mstari wa zamani. Timu inajifunza kwa miezi kutupa kutoka mita 6.25, inakwenda kucheza ugenini kwenye uwanja uliopimwa vizuri, na kila mtupo unagonga mbele ya ringi. Azimeni futikamba kwa fundi. Teremsheni timazi, au jiwe lililofungwa kamba, kutoka katikati ya ringi hadi chini, na hapo ndipo mpimie. Msipime kutoka kwenye mlingoti.

Pimeni na ringi: mita 3.05 kutoka ardhini hadi ukingo wa juu. Uwanja ulioongezwa zege juu ya zege la zamani hupandisha sakafu, ringi ikabaki pale pale ilipofungwa, na mkono wa mchezaji ukazoea goli fupi. Ringi iliyoinama mbele kwa sababu watu huning'inia nayo pia hupotosha. Na kama hakuna wavu, nunueni. Mtupaji anahitaji kuona mpira ukipita, na wavu huyasaidia macho kupata kitovu cha ringi.

Halafu mpira. Mbeya ipo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku inaukandamiza mpira kwa nguvu ndogo kuliko hewa ya Dar es Salaam. Mpira uliojazwa sawasawa Dar ukapanda nao basi, ukishuka nao hapa ni mgumu zaidi, ingawa hakuna aliyeuongeza hata pumzi moja. Mpira mgumu ukigusa ringi unaruka mbali, na ule ambao ungezunguka ukaingia unatoka. Baridi nayo inafanya kinyume: mpira uliojazwa saa nane mchana juani, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi ya mwezi Juni umelegea, na mtupo unaishia njiani.

Kipimo hakihitaji mashine. Kwenye mlingoti chora kwa chaki alama tatu: mita 1.2, mita 1.4 na mita 1.8. Shika mpira hivi kwamba sehemu yake ya chini iwe kwenye alama ya 1.8, uuachie bila kuusukuma. Ukidunda, sehemu yake ya juu ifike kati ya alama mbili za chini. Ikipita 1.4, toa upepo kwa sindano kidogo kidogo. Isipofika 1.2, ongeza. Fanya hivyo kila siku kabla ya mazoezi, kwenye baridi ileile mtakayochezea. Angalia pia vipele vya mpira. Zege la viwanja vyetu linavila haraka, na asubuhi yenye umande mpira usio na vipele unateleza kwenye vidole hata kwa mtupaji hodari.

Timu za wasichana zikague namba ya mpira. Wanawake wanatumia namba 6, wenye uzito wa gramu 510 hadi 550. Namba 7 ya wanaume huanzia gramu 580 na mzingo wake ni mkubwa zaidi. Chuo chenye mipira michache huwapa wasichana hiyohiyo ya wanaume, halafu watu wanashangaa kwa nini mitupo yao haifiki. Katika vyote vilivyomo kwenye mwongozo huu, hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu dawa yake ni mpira mmoja tu.

Kisababishi cha pili ni pasi. Simama pembeni utazame pasi kumi zinazokwenda kwa mtupaji wa nje, usitazame mtupo kabisa. Utaona hivi: mpira unafika kwenye goti la kushoto la mpokeaji. Anainama, anaupandisha, mguu wake wa kulia umeshasogea nyuma, anaupanga upya. Katika muda huo mlinzi aliyekuwa amejibanza ndani amepiga hatua mbili ndefu na mkono wake uko hewani. Kwenye daftari itaandikwa "alikosa akiwa wazi", na kumbe alipotupa hakuwa wazi tena. Pasi ifike kifuani, upande wa mkono wa kutupia, na mpokeaji awe ameshakunja magoti kabla mpira haujamfikia. Rekebisheni hili peke yake kwa wiki mbili kabla ya kubadilisha namna mtu anavyotupa.

Cha tatu ni mtupo bapa. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45, mpira una sentimita 24 hivi. Mpira unaoshuka kwa nyuzi 45 unaiona ringi kama uwazi wa takriban sentimita 32, kwa hiyo nafasi ya kukosea ipo. Ukija bapa kwa nyuzi 30, uwazi unabaki kama sentimita 22 na nusu, mdogo kuliko mpira wenyewe. Hauwezi kuingia bila kugusa chuma. Tazama mitupo ya mchezaji ukiwa umesimama pembeni, kwenye mstari wa kuendeleza ubao. Kama mpira haupandi juu kabisa ya usawa wa ubao, ni bapa.

Dawa yake ni kurudi karibu. Mchezaji asimame mita moja na nusu kutoka kwenye ringi, atupe kwa mkono mmoja, kiwiko chini ya mpira, kifundo cha mkono kikimalizia chini. Akiingiza nane kati ya kumi bila kugusa ringi, arudi nyuma hatua moja. Akishindwa, asogee mbele tena. Watu watatu kwa mpira mmoja wanatosha: mmoja anatupa, mmoja anaokota, mmoja anampa pasi iliyo sahihi. Kazi hii inachosha kuitazama na haina shangwe, lakini ndiyo inayojenga. Atakayeanzia mita 6.75 atatafuta nguvu mabegani na kuharibu umbo la mkono wake.

Cha nne ni miguu. Soma ile alama ya daftari. Mitupo inayokosa kwa ufupi, hasa robo ya tatu na ya nne, inatoka kwenye miguu iliyochoka. Inayokwenda pembeni inatoka kwenye kiwiko au mabega yasiyotazama ringi. Mirefu, mara nyingi ni mpira mgumu au pupa ya mwanzo wa mechi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliotoka Pwani, Tanga au Dar huwa na ufupi huo zaidi wiki zao za mwanzo huku juu, kwa kuwa pumzi haijazoea. Wape wiki mbili au tatu za kuongeza mzigo polepole, wala usiwahukumu kwa mechi ya wiki ya kufungua chuo. Safari pia ina lake: timu iliyotoka Mbeya kwenda Iringa kupitia Makambako imekaa kwenye kiti nusu siku, na ikiingia uwanjani bila nusu saa nzima ya kukimbia na kunyoosha viungo, itatupa fupi.

Dalili ya pili: wanajaza boksi, hatuwezi kupenya

Sheria ya FIBA inamkataza mshambuliaji kukaa kwenye boksi zaidi ya sekunde tatu, lakini haimkatazi mlinzi. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, wanayo sheria inayomkataza mlinzi asiyemkaba mtu kukaa humo zaidi ya sekunde tatu. Vijana wetu wanajifunza kupenya kwa kutazama video za NBA, ambako njia iko wazi, kisha wanaingia kwenye boksi lenye watu wanne waliosimama humo kihalali muda wote. Mlielewe hili vizuri, kwa sababu ndilo linalofanya timu isiyo na mtupo wa nje iumie zaidi kwenye mchezo wetu kuliko ule wanaoutazama kwenye simu.

Kinachokutwa mara nyingi ni nafasi. Mpigie picha uwanja kwa simu ukiwa juu ya ngazi au kiti, mpira ukiwa kwa pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi. Hesabu wenzake wangapi wamesimama ndani ya mstari wa pointi tatu. Wakiwa watatu au zaidi, hamhitaji watupaji bado, mnahitaji kwanza kusimama mahali pake. Hata mtu asiyejua kutupa, akisimama hatua moja nje ya mstari na kukimbia kwa wakati, anamlazimisha mlinzi kugeuza shingo. Akisimama mita nne kutoka kwenye ringi, mlinzi mmoja anawaangalia wawili.

Kinachofuata ni kumweka asiyetupa mahali pabaya. Makocha wengi humficha kwenye kona. Huko mlinzi wake anamwacha na kuwa mtu wa ziada chini ya ringi. Mtoe huko. Ana kazi tatu zinazomfaa: kumwekea mtupaji skrini, yaani kusimama njiani mwa mlinzi wa mtupaji, kwa sababu mlinzi wake yuko mbali na hatawahi kutoka kusaidia, kukaa kwenye mstari wa msingi, nje kidogo ya boksi nyuma ya ubao, tayari kwa pasi fupi, na kukata kwenda kwenye ringi kila mlinzi wake anapotazama mpira. Mlinzi aliyeacha mtu ili asaidie ana macho kwenye mpira muda wote. Hapo ndipo pa kumpita.

Kisababishi cha tatu ni kushambulia zoni, ulinzi ambao kila mlinzi anakaba eneo badala ya mtu, kwa namna ya mtu kwa mtu. Mpinzani akishaona hamtupi, atacheza zoni ya 2-3 (wawili mbele, watatu nyuma) mechi nzima. Msipige pasi kuizunguka kwa nje. Pelekeni mpira katikati yake, kwenye mstari wa mitupo huru, kwa mchezaji mwenye macho na mikono mizuri, hata kama si mrefu. Akiupokea pale akageuka kutazama ringi, walinzi wawili wa mbele wako nyuma yake na watatu wa nyuma lazima mmoja apande. Anayepanda anaacha mtu. Mstari wa mitupo huru uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, umbali ambao karibu kila mchezaji wa chuo anaweza kujifunza kutupa vizuri ndani ya muhula mmoja, kwa kuwa anautupia kila siku mazoezini.

Dawa ya ndani zaidi ni kutoisubiri zoni ijipange. Timu isiyo na mtupo wa nje inatakiwa iishi kwa kukimbia. Ukipata ribaundi, yaani mpira wa mtupo uliokosa, pasi ya kwanza itoke pembeni ndani ya sekunde moja, na watu wawili wawe wameshakimbia kwenye mistari ya pembeni. Hakuna anayejaza boksi akiwa bado anarudi nyuma. Hapa hali ya hewa ya nyumbani ni mali yenu: wageni kutoka ukanda wa joto wataweza kukimbia nanyi robo mbili za kwanza, baada ya hapo pumzi itawaambia.

Dalili ya tatu: sekunde 24 zinaisha mkononi

Mpira unapita kwa pointi gadi, kulia, unarudi kati, kushoto, unarudi, halafu mtu anaurusha akiwa amejikunja.

Sababu ya kawaida ni kwamba mashambulizi yanaanza yamechelewa. Mna sekunde 24 za kutupa, na kati yake 8 za kuvuka nusu ya uwanja, na timu nyingi huzitumia hizo 8 zote hata pasipo mtu kuwakaba. Zikibaki 16, mnahangaika kupanga, zinabaki 10. Weka mtu mwenye saa ya simu mazoezini ahesabu kwa sauti. Mpira uwe umevuka ndani ya sekunde nne.

Sababu ya pili ni pasi isiyoisogeza zoni. Pasi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, walinzi wakiwa wamesimama wima, haifanyi kazi yoyote. Kanuni ya kutumia mazoezini: hakuna mtupo mpaka mpira umegusa ndani mara moja, kwa pasi au kwa dribo, ukatoka tena. Mtupo unaotokana na pasi iliyotoka ndani humkuta mtupaji akitazama ringi na mlinzi akikimbilia nje, na hata mtupaji wa kawaida huingiza zaidi hapo. Sababu ya tatu, isiyo ya mara nyingi, ni pointi gadi anayeogopa. Huyo zungumza naye faraghani. Usimfokee mbele ya wenzake.

Mtupo wenu ukigusa ringi ukakosa, na mkaupata mpira wenu wenyewe, saa inarudi kwenye sekunde 14. Kwa timu isiyo na mtupo hizo 14 ndizo za dhahabu, kwa sababu walinzi wametawanyika. Tumieni mbili za kwanza kurudisha mpira juu palepale, au kuutoa nje kwa mtupaji wenu bora. Msianze kupanga upya.

Dalili ya nne: senta wetu anazibwa na watu wawili

Watanzania tunampenda senta mrefu, na sababu ipo. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, akitokea chuo kikuu cha Connecticut alikosifika kwa kuzuia mitupo, alichaguliwa wa 2 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya. Siku hiyohiyo Stephen Curry, mtupaji hodari wa nje, alichaguliwa wa 7, na tangu hapo mchezo umeelekea nje kwa kasi. Senta bado ana thamani kubwa vyuoni, ila hawezi kufanya kazi akiwa amezungukwa.

Angalieni kwanza pasi ya kumwingizia inatoka wapi. Ikitoka juu kabisa, mlinzi wa mbele anaikata. Itoke kwenye pembe ya pembeni, na aliyeitoa asisimame kutazama: akate mara moja au abadilishane nafasi na mwenzake, ili mlinzi wake asiweze kushuka kusaidia. Pili, mfundisheni senta asipige dribo anapopokea. Atazame bega lake la upande wa katikati, aone mlinzi wa pili anatokea wapi, kisha apasi palipoachwa. Senta anayepasi vizuri ni mtupo wa nje wa timu isiyo nao.

Dalili ya tano: mazoezini zinaingia, mechini hapana

Hii huwa ni namna ya mazoezi. Mchezaji anasimama pahali pamoja, anatupa mara ishirini mfululizo, hana mlinzi, hajakimbia, na mwenzake anamrudishia mpira taratibu. Mechini hakuna mtupo wa namna hiyo. Badilisheni: akimbie kutoka nusu ya uwanja, apokee pasi, atupe mmoja tu, arudi. Kisha aongezwe mtu wa kumkimbilia akiwa amenyoosha mkono.

Lakini kuna sababu nyingine ninayoikuta mara nyingi, nayo ni hofu ya kutolewa. Mchezaji akijua kwamba akikosa mara moja ataitwa benchi, anatupa huku akikutazama wewe. Mwambieni kabla ya mechi ni mitupo ipi mliyoikubali: akiwa wazi, miguu imejipanga, mpira umetoka ndani. Akitupa ule, hata ukikosa mara nne, hatolewi. Akitupa mwingine, mzungumze. Mchezaji aliyepewa ruhusa hiyo kwa maneno yaliyo wazi hubadilika hata kusimama kwake.

Ukaguzi mmoja usiosahaulika: macho. Mwanafunzi anayekodoa macho kusoma ubaoni hawezi kuiona ringi jioni. Mpeleke akapimwe.

Dalili ya sita: tukikosa kutoka nje, tunafungwa papo hapo

Mtupo mrefu huruka mbali ukigonga ringi, na mara nyingi huangukia kwa mlinzi aliye juu, ambaye tayari anatazama goli lenu. Mtupo wa nje ukiondoka, watu watatu waende kwenye ribaundi na wawili warudi, mmoja wao akiwa pointi gadi. Kama mnafungwa hata hivyo, basi mitupo yenu inatupwa watu wakiwa hawajajipanga, na mnatakiwa kurudi kwenye dalili ya tatu.

Lini uache na umwite mtaalamu

Maumivu ya bega au kiwiko yanayorudi kila baada ya kutupa, goti linalouma chini ya kifupa cha mbele wakati wa kuruka, au kidole kilichopinda baada ya kugongwa na mpira: simamisha mitupo, usivute kidole wala kukanda. Mpeleke zahanati au hospitali. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu hata kidogo, anatapika, au anasema maneno yasiyoeleweka, hachezi tena siku hiyo, na hapelekwi bwenini kulala. Anapelekwa hospitali.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia wakati wa kukimbia si suala la kuzoea hewa ya milimani. Acha mara moja. Mchezaji mwenye sikoseli asiingizwe kwenye mazoezi makali huku juu mpaka daktari wake aseme, kwa sababu upungufu wa hewa, baridi na kuishiwa maji mwilini vinaweza kumletea shambulio la ugonjwa. Ulizeni swali hili wote mwanzoni mwa mwaka, faraghani, mtu mmoja mmoja.

Mkiwa mmefanya yote yaliyo hapo juu kwa muhula mzima na mtupo wa mchezaji bado unakwenda pembeni vilevile, msiendelee kumbadilisha kila wiki. Mtafute kocha mwenye mafunzo rasmi, kupitia chama cha kikapu cha mkoa, amtazame siku moja. Mikono mitatu inayomrekebisha mtu mmoja inamharibu.

Na mlingoti unaotikisika, ubao wenye ufa, au ringi iliyolegea kwenye nati zake, hivyo havitengenezwi na wachezaji kwa kamba na waya. Fungeni upande huo wa uwanja, mzuie mtu yeyote kuning'inia, mumwite fundi wa kuchomelea akague hadi kwenye msingi wa zege. Mazoezi ya siku hizo yafanyieni upande mmoja.